Nimehamia Bamburi na mbwa mkubwa, sheria zikoje huku?

mgeni_wa_nakuru: Hamjambo wana Mombasa. Nimehamishwa kikazi nimekuja na familia pamoja na mbwa wetu, Boerboel dume, yuko karibu kilo 60 na bado anakua. Kule alikuwa na shamba la kukimbilia, hapa tuko ploti ya nyumba nne geti moja. Mkali sio, ila akiona mtu anamrukia kwa furaha, na mnyama wa saizi ile akikurukia huna muda wa kujua kama ni furaha. Keateka ashaniuliza leseni. Inatoka wapi? Nimfunge mdomo nikitoka naye? Na bichi je? Halafu kuna mama mmoja mtu mzima jirani yangu, akimwona tu anarudi ndani.

paraveti_pwani: Anza na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, mengine yanafuata. Chanjo ni kila mwaka, watoto wa mbwa wanaanza miezi 3. Leseni za mbwa ni kazi ya kaunti tangu Katiba ya 2010, iko Jedwali la Nne, kwa hivyo nenda ofisi ya mifugo mwenyewe na cheti mkononi, ada uulize pale pale usimtume mtu wa kati. Na usimwachilie azurure, sheria ya kichaa cha mbwa Sura 365 inaruhusu mbwa wa kuzurura ashikwe hata auliwe. Akimuuma mtu au amkwaruze, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, msingoje kesho.

mtu_wa_kisauni: Huyo mama hamchukii mbwa wako yakhe. Wengi wetu huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, kwetu mate ya mbwa ni najisi, yakigusa nguo inaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Sasa fikiria mtu keshatia udhu anaenda kuswali magharibi, pua yenye maji inamgusa buibui! Lazima arudi ndani. Mtoe watu wakiwa washarudi kutoka msikitini, kamba fupi, na asinywe kabisa kwenye ndoo za watu pale bombani, mwekee bakuli lake ndani kwako. Halafu nenda kamwamkie mama, wewe peke yako, usimchukue mbwa.

babu_mlinzi: Mnafuga mbwa au sungura? Mfungie kibandani mchana kutwa, usiku unamfungulia, pilipili kidogo kwenye ugali, mwezi hauishi ushapata simba. Huyo mama ndo atakuja kukushukuru wezi wakipita.

dada_wa_mbwa: Babu hiyo pilipili kula wewe. Mbwa wa kufungiwa gizani anaogopa kila kitu, na anayeogopa ndo anauma, tena anauma watoto wa ploti sio wezi, na kumtesa mnyama ni kosa, Sura 360 ya sheria iko. Mgeni, akiruka geuza mgongo, usiseme neno, usimsukume kwa mikono maana anaona mnacheza, akiweka miguu yote minne chini hapo hapo kipande cha maini. Na nyumba nzima mfanye hivyo hivyo, watoto, dada wa kazi, wageni, mmoja akimchekea akiruka kazi yote imeharibika. Kifunga mdomo nunua cha kikapu, afungue kinywa aheme, mbwa anapoa kwa kuhema, ile ya kitambaa ya kubana na hili joto letu la Februari utamuua. Bichi nenda alfajiri maji yakiwa yamekupwa, kabla ngamia na mabichiboi hawajashuka, wikendi pale bichi ya umma ya Pirates sahau kabisa. Mchana gusa lami kwanza, ikikuchoma mkono yeye inamchoma nyayo. Ukirudi mkague kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole, pwani hawaishi na homa yao inaua.

mgeni_wa_nakuru: Shukran sana, ya pilipili nimeruka. Sasa nimpeleke chanjo na nini, tuktuk watakubali?

mtu_wa_kisauni: Kilo 60? Utalipa viti vyote vya nyuma na shuka utandike lako. Ongea na dereva kwa simu kabla, usimshtukize stejini, maana akimwona huyo ataondoka na pesa ya mafuta ushamlipa.

dada_wa_mbwa: Au mwite daktari aje hapo ploti, wengi wanakuja, na mkiwa na paka wa majirani wachomwe sindano siku moja mgawane nauli.