Mjadala: Kwenye filamu za mapenzi, nani kasema steringi lazima afanane na wale wale?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilipeleka suruali kwa fundi, dada mmoja pale Majengo, hapa Dodoma, karibu na soko. Simu kaiegemeza kwenye cherehani, anaangalia muvi ya mapenzi ya kuchekesha huku anashona. Haijafika hata dakika ya tano akasema, "Huyu wa shati jeupe ndiye atakayemwoa." Nikamuuliza, na yule dada mnene aliyeleta chai? Mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, akajibu: "Huyo? Huyo wa kuchekesha tu." Na yeye mwenyewe ni mwanamke wa mwili, Mgogo wa Kongwa, lafudhi ya kwao imejaa mdomoni.

Jibu lile limenikaa.

Watu wanalalamika kwamba filamu hizi zinatabirika. Kwangu hilo si kosa. Tangu enzi za vibanda umiza tunajua steringi hafi, na kiingilio tulilipa. Kwenye ngano za bibi tulijua sungura atamzidi fisi akili, na bado tuliitikia "hadithi njoo". Najua watagombana, wataachana karibu na mwisho, mmoja atamkimbilia mwenzake stendi au uwanja wa ndege. Ninachosubiri ni namna watakavyofika hapo. Kinachoniuma ni kumjua atakayependwa kabla hajafungua mdomo, kwa weupe wa ngozi, kiuno na gari. Hapo lawama naiweka kwa anayechagua waigizaji.

Na sisi wa Dodoma tuna letu. Lafudhi ya Kigogo nimeisikia kwa mlinzi wa geti, kwa ombaomba, kwa hausigeli anayevunja sahani. Kwa mtu anayetongozwa kwa heshima, sijaisikia hata mara moja. Kwani huku hatupendani?

Tazameni My Big Fat Greek Wedding ya 2002. Jina lenyewe limeshataja harusi, kuna nini tena cha kutabiri? Nia Vardalos aliiandika na kuigiza mwenyewe akiwa si staa: binti wa mgahawa wa familia, miwani mikubwa, ukoo wenye kelele. Iligharimu takriban dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 360 duniani.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, unaongea vizuri kwa sababu hela si yako. Nimeshika taa kwenye filamu mbili. Mtayarishaji anakopa, anauza hadi kiwanja, na anayenunua kazi anauliza kwanza "yumo nani?" Hadithi haulizi. Hiyo ya Wagiriki ni moja kati ya mamia. Tom Hanks na Meg Ryan walikutanishwa 1990, wakarudishwa pamoja 1993 na 1998 kwa sababu watu waliwataka wao. Kwenye ile ya 1993, Sleepless in Seattle, wako pamoja dakika chache tu, na bado watu walijaa. Sura inauza.

Mleta mada

Kaka, la hela nalipokea, sina cha kubisha. Ila mfano wako unanibeba mimi. Wale wawili wanajua kuchekesha, na ukiwaona unatamani wakutane. Kwetu binti akishinda urembo leo, kesho ni steringi, anatamka maneno ya mapenzi kama anasoma matangazo ya vifo redioni. Mwenye kipaji anakabidhiwa sinia la chai.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni Mgogo, nasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kaka zangu, msituombee nafasi kwa huruma. Hata wakimpa mwanamke mnene nafasi ya mbele, filamu nzima inageuka kuwa habari ya unene wake: anakimbia mazoezi, anacheka na kulia juu ya chakula. Nataka awe mnene na asitokee mtu wa kulitaja. Agombane na mchumba kwa sababu ya simu na wivu, kama wengine. Na lafudhi yake iachwe ilivyo.

Mleta mada

Dada, hapo umenifungua macho, mimi sikufika huko. Jana nilipofuata suruali nilimuuliza yule fundi: wakikupa filamu, ungeigiza nani? Akacheka, kisha akanyamaza, akakata uzi kwa meno.

"Bibi harusi," akasema. "Ila gauni nishone mwenyewe."