Fungate Serengeti halafu Zanzibar, tukianzia Mwanza

Sato_Kirumba:
Wakuu habari za jioni, naoa Juni hapa Mwanza na mchumba anataka aone nyumbu kisha tukapumzike bichi Zanzibar, siku tunazo nane tu na bajeti ni ya kawaida. Lazima twende hadi Arusha kwanza?

BabaNgosha:
Hongera mdogo wangu. Arusha ya nini? Shika barabara ya Musoma, geti la Ndabaka liko hapohapo kando ya lami, saa mbili tatu hivi umefika. Na Juni ndo wenyewe, nyumbu wengi huwa upande huo wa magharibi kule Grumeti, ila wanafuata mvua hawafuati kalenda yako ya harusi. Wakivuka mto Mara ni kaskazini, kuanzia Julai huko, kwahiyo usimwahidi bibi harusi mamba wa Mara.

dada_wa_Igoma:
Bebeni vitambulisho vya NIDA jamani, Mtanzania analipa kwa shilingi tena kidogo. Sisi mume wangu alisahau chake, fungate ikaanza na kununiana getini 😂

BabaNgosha:
😂😂 pole yake

dada_wa_Igoma:
Zanzibar nendeni Nungwi au Kendwa, maji hayakimbii sana. Paje pazuri ila yakikupwa mnatembea wee mpaka mchoke, na Juni kusi inavuma upande ule.

Sato_Kirumba:
Ahsanteni sana. Kitambulisho nakabidhi kwa mama mkwe leoleo.