Uingereza: Tumelipia huduma ya afya kabla ya kupanda ndege, kisha kituo kinaninyima dawa ya presha kwa sababu sina bili ya umeme

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa kuwa jambo hili limenigusa mwilini, na ninajua limewagusa wanawake wengi waliofuata waume zao huku kwa viza ya mwenza. Nina shinikizo la damu tangu nilipojifungua mtoto wangu wa pili. Kwa miaka yote hiyo nimemeza amlodipini ya miligramu 10 na losartani ya miligramu 50 kila siku bila kuruka, na presha yangu ilikuwa imetulia. Nilipoondoka Dar es Salaam nilibeba dawa za kunitosha miezi ya mwanzo, cheti cha daktari, na barua yake iliyogongwa muhuri, yenye majina halisi ya dawa na kiasi ninachotumia.

Kwanza nieleze suala la fedha, kwa sababu kuna watu humu husema kwamba wageni tunakuja kula jasho la wenyeji. Tangu Februari 2024 mtu mzima anayeomba viza ya aina yangu hulipa ada ya afya ya paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Viza ya mwenza ya miezi 33 huhesabiwa kuwa miaka mitatu, kwa hiyo sisi tulilipa paundi 3,105 kwa mkupuo, mbali na ada ya viza yenyewe, na zililipwa kabla sijaikanyaga ardhi ya Uingereza. Mume wangu anafanya kazi na anakatwa kodi kila mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote. Sikwenda pale mapokezi kuomba sadaka.

Kituo cha GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaani ambaye kila mgonjwa hujiandikisha kwake, kilicho karibu na nyumbani kwetu, ambacho tangazo lake mlangoni linasema kinapokea wagonjwa wapya, kilinitaka nilete bili ya umeme au ya maji, au barua ya benki, yenye jina langu. Mkataba wa pango una jina la mume wangu, kwa sababu ndiye aliyetangulia kuja. Na kwa sababu hiyohiyo umeme, maji na kodi ya halmashauri vyote viko kwa jina lake. Benki nayo ilikataa kunifungulia akaunti mpaka nithibitishe anwani yangu. Kisha mhudumu akadai kadi ya ukaazi. Nikamweleza kwamba kadi hizo hazitolewi tena, kwamba hali ya uhamiaji ya mtu sasa imo kwenye mfumo wa mtandaoni wa serikali yao wenyewe, na nikamfungulia ukurasa wangu kwenye simu. Hakuutazama. Nilimpa pasipoti, cheti cha ndoa na mkataba wa pango wa mume wangu, akavirudisha vyote juu ya meza na kumwita aliyekuwa nyuma yangu.

Kinachonikera kuliko yote ni kwamba masharti hayo hayapo. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya umma, kwa Uingereza unasema wazi kwamba mtu yeyote anaweza kujiandikisha kwa GP bila malipo, na kwamba hahitaji kuonyesha uthibitisho wa anwani, kitambulisho, hali yake ya uhamiaji wala namba ya NHS. Kituo kinaweza kuomba nyaraka, lakini kuzikosa peke yake si sababu ya kumkatalia mtu. Kituo kikikataa, kinatakiwa kumpa mgonjwa sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Mimi sikupewa hata kipande cha karatasi. Nilipoomba kuonana na meneja niliambiwa nitume barua pepe, na barua pepe hiyo ikajibiwa na mashine.

Wakati haya yakiendelea, dawa zilikuwa zinapungua. Wengi wenu mnajua jinsi ilivyo kwetu: ukiishiwa unakwenda duka la dawa mtaani, unataja jina, unalipa na kuondoka. Huku dawa za presha hazitolewi bila cheti cha daktari. Nilikwenda kwa mfamasia nikiwa na barua ya daktari wangu na pakiti tupu mkononi, naye akanieleza kwa upole kwamba sheria inamruhusu kutoa dawa za dharura pale tu ambapo zilikwisha kuandikwa na daktari wa Uingereza au wa nchi fulani za Ulaya, na cheti cha daktari wa Tanzania hakimo katika orodha hiyo. Huyu simlaumu hata kidogo. Alinipima presha bila kudai chochote, akakuta 178 kwa 104, akaniuliza jina la GP wangu ili amwandikie siku hiyohiyo. Sikuwa na jina la kumpa.

Ni yeye aliyenielekeza kupiga simu namba 111, ya ushauri wa afya ya NHS, ambako nilipangiwa kwenda kituo cha huduma za haraka. Daktari wa pale aliniandikia dawa za mwezi mmoja, akashangaa kwa nini mgonjwa wa miaka mingi amefika kwake kuomba vidonge vya kawaida kabisa ambavyo ni vya bei nafuu duniani kote. Kazi yake ni watu waliovunjika mikono na watoto wenye homa kali. Kumpeleka kwake mtu wa presha anayehitaji kuandikiwa tu ni kumwongezea foleni, na anayesababisha foleni hiyo ni yule wa mapokezi aliyenirudisha mlangoni.

Ninataka pia tuelewane kuhusu hatari yenyewe, maana nimejibiwa na watu wa huku kwamba siku chache bila dawa haziui. Presha haiumi. Amlodipini hutoka mwilini taratibu, kwa hiyo aliyeacha kuimeza anaweza kuamka siku ya kwanza na ya pili akijiona mzima, akaamini kwamba amepona, huku shinikizo likipanda bila dalili na kuendelea kuumiza figo, moyo na mishipa ya ubongo. Wanaotumia atenolol au propranolol wana hatari ya namna nyingine, kwa sababu dawa hizo zikikatishwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio na presha kuruka juu kwa muda mfupi. Mtu wa mapokezi hana ujuzi wa kupambanua haya, na hakuna anayemtaka awe nao. Anachotakiwa ni kuandika jina na kumwachia daktari au muuguzi kazi ya kuamua.

Nalo kundi letu la WhatsApp la hapa mjini limenisikitisha. Nilipouliza kama kuna anayejua kituo kinachosikiliza watu, niliambiwa nichemshe rozela na nitafune vitunguu saumu, na mwingine, kwa nia njema najua, alijitolea kunipa vidonge vya marehemu mama yake vilivyobaki, ambavyo hata jina lake hakulikumbuka. Tuache mchezo huu. Kidonge kilichoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine hakikupimwa kwa figo zangu. Anayetumia losartani anahitaji kupimwa damu kuangalia figo na kiwango cha potasiamu, na hilo haliwezekani kwa kupokezana dawa kwenye bahasha. Tumezoea kuzibiana mapengo kimyakimya kila tunaponyimwa haki, na ndiyo maana vituo hivi vinaendelea bila kuulizwa.

Hatimaye nilijiandikisha kituo kingine, cha mbali zaidi, kwa kujaza fomu mtandaoni tu. Hawakuniuliza bili. Nilichukuliwa damu, nikaambiwa nipime presha nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima na kuandika namba zote, na dawa zangu zikaendelea zilezile. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, ndani ya nchi ileile na mfumo uleule, na hakuna sheria iliyobadilika kati ya mtaa mmoja na mwingine.

Gharama nayo si ndogo kwa aliye mgeni na hajaanza kazi. Hapa Uingereza yenyewe (England) kila dawa kwenye cheti hulipiwa paundi 9.90, hata kama kidonge chenyewe kina thamani ndogo kuliko hiyo. Mwenye kisukari anayetumia dawa husamehewa ada hiyo, mwenye presha peke yake hasamehewi, na sijapata maelezo yanayoniridhisha kwa nini. Walio na dawa mbili au zaidi kila mwezi waulize kuhusu malipo ya awali ya mwaka, paundi 114.50, ambayo hufunika dawa zote. Nilikwisha kulipa mara kadhaa dirishani kabla ya mtu yeyote kunitajia kwamba utaratibu huo upo.

Kile kituo cha kwanza sijakiacha. Kupata pengine hakufuti walichofanya, kwa sababu kesho atafika mama mwingine ambaye Kiingereza chake hakimruhusu kubishana, ambaye mumewe yuko kazini usiku na mchana, naye atarudi nyumbani akiamini kwamba kosa ni lake. Nimeandika malalamiko rasmi kwa bodi ya afya ya eneo, ile inayofahamika kama ICB, ambayo tangu Julai 2023 ndiyo inayopokea malalamiko dhidi ya vituo vya GP ikiwa mtu hataki kulalamika kituoni kwenyewe. Nimeambatanisha mazungumzo yote ya barua pepe na nimetaka mambo mawili: kituo kinipe kwa maandishi sababu ya kunikataa, na karatasi ya masharti iliyobandikwa dirishani pao iondolewe.

Ninaomba wenzangu waliokataliwa kwa namna hii, hasa walio katika miji ya katikati ya nchi, waandike hapa chini waliombwa nyaraka gani na mwaka gani, bila kutaja majina ya wahudumu, ili niweze kuonyesha bodi kwamba sipo peke yangu. Walio Uskoti na Wales, ambako dawa za cheti hazilipiwi, watueleze pia kama usajili wenyewe huko ni mwepesi au nao wanaulizwa bili. Na mwenye barua ya majibu kutoka bodi yoyote ya afya kuhusu jambo hili, ikiwa anaweza kuiweka hapa baada ya kufuta taarifa zake binafsi, nitashukuru sana kuisoma kabla yangu haijajibiwa.