Tupeane uzoefu: kufuata njia ya msituni isiyo na kibao hadi pangoni

Kahawa_ya_Kapchorwa: Ndugu zangu, Mlima Elgon upande wetu wa Uganda umejaa mapango, na mengi huyafikii kwa kibao wala ramani ya simu. Waliowahi kufika watusimulie: njia mliipataje, na ndani mlikuta nini?

Naanza mimi. Nilipanda na mzee jirani yetu mvua ilipokatika. Chini, kwenye migomba na kahawa, njia inaonekana vizuri. Ukishaingia msituni inagawanyika kila upande, kwa kuwa nyingi ni za ng'ombe na za akina mama wanaookota kuni. Mzee alikuwa akisimama, anasikiliza maji, kisha anaendelea. Aliniambia mapango mengi ya huku yako chini ya jabali ambalo kijito kinaangukia, kwa hiyo sauti ya maji ndiyo kibao chake. Kweli, tulipita nyuma ya maji tukaingia.

Dari nyeusi kwa moshi! Wasabiny, wenyeji wa huku Kapchorwa, zamani waliishi humo pamoja na mifugo yao. Mwamba wenyewe ni majivu ya volkano yaliyogandamana, unachimbika, na una chumvi ambayo watu waliichimba kulisha ng'ombe. Upande wa Kenya, kwenye pango la Kitum, tembo nao huingia gizani wakachimba chumvi hiyo kwa pembe. Niligusa ukuta ule nikatamani watoto wetu wote wafikishwe pale.

Binti_Kisoro: Asante sana, mkuu. Mimi nasimulia pango la Garama, ndani ya hifadhi ya Mgahinga, kusini-magharibi mwa Uganda. Hilo lilitobolewa na lava, lina urefu wa mita 342, na lilikuwa makao na maficho ya Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo (mmoja wao huitwa Mutwa). Tuliongozwa na Mutwa mwenyewe. Alikuwa akituonyesha mti wa dawa, mahali pa kutega, majani ya kuezekea, pale ambapo mimi niliona kichaka tu. Mle ndani wakatuimbia gizani, taa zimezimwa. Nililia, kwa sababu msitu huo ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991 wao walitolewa, na leo wanaingia nyumbani kwao kama waongozaji wa wageni. Mkienda, chukueni Mutwa awaongoze. Hiyo historia ni yake.

Mwalimu_Mbale: Nyinyi mmesema mazuri, acheni niseme la popo. Pango la chatu kule Maramagambo, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, lina popo wa matunda wanaobeba virusi vya Marburg, ugonjwa hatari wa homa ya kuvuja damu. Mtalii kutoka Uholanzi aliingia humo mwaka 2008, akafariki. Mmarekani aliyeingia mwishoni mwa 2007 aliugua vibaya, akapona. Siku hizi unatazama kutoka kwenye chumba kilichojengwa mbali kidogo. Kwa hiyo pango lolote lenye popo wengi na kinyesi chao sakafuni, mimi naishia mlangoni, hata kama nimepanda asubuhi nzima.

Boda_wa_Sipi: Mwalimu, na kama popo ni wachache?

Mwalimu_Mbale: Hata hivyo siingii, kaka. Kwa macho huwezi kujua ni popo wa aina gani.

Kahawa_ya_Kapchorwa: Shikamoo mwalimu, hilo nitamfikishia mzee. Waliofika mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru, karibu na mji wa Fort Portal, karibuni mtusimulie. Njia ya kuteremkia kule ikoje wakati wa mvua?