Mrejesho: programu ya muziki ya Windows, Mac na Linux

Wakuu habari zenu, niliwauliza programu gani ya kutengenezea biti tutaweza kupeana projekti bila kusumbuana, mimi nina laptop ya Windows, mwenzangu ana MacBook, mdogo wangu yuko Linux. Asanteni sana kwa majibu.

Logic Pro tuliiweka pembeni mapema maana ni ya Mac na iPad tu. FL Studio kwa kweli naipenda, leseni moja inapiga kazi Windows na Mac na apdeti ni bure maisha yote, ila toleo la Linux haina, na dogo ndo mpiga kinanda wetu, hatuwezi kumwacha. Tumechukua Reaper, ipo kote kote, unaijaribu siku 60 bure na leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

Cha kuzingatia ni plagini, yaani viprogramu vya ziada vya ala na efekti unavyoviweka ndani ya programu. Projekti inafunguka vizuri ila kama mwenzako hana sinthi (plagini ya kutengeneza sauti za ala) uliyotumia hiyo traki inakaa kimya, kwa hiyo sisi tunaigeuza kuwa faili la kawaida la sauti, WAV ya bit 24, kwanza ndo tunatuma folda nzima. Ekwalaiza (ya kupunguza na kuongeza besi na sauti kali) ya humohumo kwenye Reaper, ReaEQ, inafika na mipangilio yake yote, besi niliyoipunguza mimi dogo anaikuta vilevile. Nimefurahi sana jamani.