Msaada: trela langu linavuja juu ya kitanda, nimeshaziba mara 2. Maji yanapita wapi?

MuuguziSafarini
Wakuu, habari za leo. Naombeni ushauri, hasa nyinyi mlioko huku Marekani ambao mmewahi kuishi kwenye trela.

Mimi ni muuguzi wa mikataba, kila wiki 13 nahamia hospitali nyingine. Nilichoka na kodi za nyumba za muda, mwaka jana tukanunua trela la kuishi la futi 24, la mwaka 2014. Mume wangu analivuta kwa pikapu yake, ananiegeshea, kisha anarudi kazini kwake Dallas. Sasa hivi niko kwenye kambi ya matrela karibu na Beaumont, Texas. Mvua ya huku inatoka Ghuba ya Mexico, na ikianza ni kama masika ya Tanga.

Juu ya kitanda kuna taa ndogo ya mviringo. Mvua ikinyesha kama nusu saa, tone linajikusanya kwenye ukingo wa ile taa, linavimba, linadondoka kwenye mto. Natoka zamu ya usiku, masaa 12 nimesimama, nafika nakuta godoro limelowa. Mara ya kwanza nilipanda juu nikaona dirisha la hewa la chumbani, futi 2 tu kutoka kwenye taa, gundi yake ina nyufa. Nikajua nimepata mchawi. Nikaziba. Mvua iliporudi, tone lile lile, mahali pale pale. Nikaziba tena, safari hii nikapaka mpaka kwenye maungio ya mbele. Bado linavuja.

Nimewatumia picha mafundi wa karakana moja, jibu lao ni paa lote libadilishwe, dola 7,800. Hawajapanda hata ngazi. Hela hiyo sina, na mkataba wangu umebakiza wiki 6. Nifanyeje?

BatiJipya
Pole sana dada. Nunua ile rangi nzito nyeupe ya mpira, osha paa lote, lipake mara mbili. Shemeji yangu alifanya hivyo, mwaka wa pili huu hajaona tone.

KakaWaOhio
Rangi ni gharama bure. Chukua silikoni ya madirisha, zungushia kila kitu kilichochomoza juu ya paa. Kazi ya jioni moja.

FundiMagurudumu
Dada, tafadhali usipake rangi na usiguse silikoni. Natengeneza matrela hapa Arizona, mwaka wa 9 sasa, na nusu ya kazi zangu ni kubandua silikoni za watu. Kwenye paa la mpira silikoni haishiki sawasawa, na ukishaipaka, gundi nyingine yoyote utakayoleta baadaye haitashika juu yake. Rangi nayo ukiipaka kabla hujajua tundu lilipo, unafungia maji ndani ya mbao.

Kabla sijasema neno lingine, nijibu haya. Kule ulikokuwa kabla ya Beaumont lilivuja? AC ikiwaka siku kavu, tone linatokea? Trela limekaa sawa au limeinama? Na ukihesabu kutoka kitandani kwenda nyuma, juu ya paa kuna nini na nini?

MuuguziSafarini
Ahsante kaka. Nilikuwa Louisiana, mvua ilinyesha wiki nzima, sikuona tone. AC inawaka mchana na usiku, bila mvua pakavu kabisa. Kuinama sikuwa nimeangalia. Nimeweka chungwa juu ya meza sasa hivi, limebingirika taratibu kuelekea kitandani, yaani mbele. Juu ya paa, kutoka kitandani: dirisha la hewa la chumbani, feni ya bafuni, AC, halafu bomba la pumzi la tanki la choo nyuma kabisa.

FundiMagurudumu
Hilo chungwa limetupa nusu ya jibu. Na kwa kuwa siku kavu hakuna tone, maji ya AC tunayaweka pembeni.

Paa la trela kama lako, toka juu kushuka, ni hivi: shiti jembamba la mpira (matrela mengi ya miaka hiyo lina aina inayoitwa EPDM au TPO), limegandishwa juu ya plaiwudi. Chini ya plaiwudi kuna kenchi zinazolala kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, katikati ya kenchi kuna sufi ya kuzuia joto, kisha dari. Shiti lenyewe kutoboka ni nadra, labda likwaruzwe na tawi. Linavuja pale kiwanda kilipokata tundu. Kila dirisha la hewa, kila feni, fremu yake imekalishwa juu ya utepe wa butili, ule mpira laini unaonata, ikapigwa skrubu, halafu gundi ya kuziba ikamwagwa juu ya vichwa vya skrubu. Jua linaikausha ile gundi, barabara inalitikisa trela, miaka ikipita inapata nyufa nyembamba kama unywele.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Maji yakishaingia hayadondoki pale pale. Yanatafuta mteremko, na njia yanayoipenda kuliko zote ni waya. Nyaya za taa na feni zinapita kwenye matundu ya kenchi, kutoka nyuma kwenda mbele. Maji yanaufuata waya mpaka kwenye taa yako, kwa sababu pale dari imetobolewa. Kwa hiyo taa inakuonyesha maji yanapotokea tu. Louisiana nadhani trela lilikuwa limeinama kwa nyuma au limekaa sawa, maji yakaenda kwingine, pengine yakanywewa na sufi bila wewe kujua. Hapo Beaumont pua imeshuka, kwa hiyo kinachovuja kipo nyuma ya kitanda, upande wa juu wa mteremko. Dirisha la chumbani linaweza kuwa halina kosa lolote.

Fanya jaribio la maji. Subiri siku 2 bila mvua. Toa fyuzi ya taa, fungua taa ile uishushe, mtu mmoja alale kitandani na tochi akiangalia kwenye tundu. Mwingine apande na mpira wa maji, bila presha kabisa, maji yatiririke tu. Mashine ya presha usiilete karibu, inasukuma maji hadi mahali ambapo mvua isingefika. Anzeni sehemu ya chini kabisa ya mteremko, kwako ni maungio ya mbele, dakika 15. Pakiwa pakavu, pandeni hatua moja. Mkianza juu, maji yatashuka yakilowesha kila kitu kilicho chini na hamtajua lipi ni lipi. Na huyo wa juu atambae kwa magoti juu ya kipande cha plaiwudi, asikanyage katikati ya kenchi. Paa likiwa limelowa linateleza kama sabuni, nimeshaona watu wakivunjika.

DerevaWaMasafa
Dadangu pole. Mimi ni Mkenya, naendesha lori huku. Msikize huyo fundi. Naongeza tu, msisahau zile taa ndogo za juu mbele, za kuonyesha upana wa trela usiku. Ukiendesha kwenye mvua maili 65 kwa saa, upepo unasukuma maji nyuma ya kioo chake. Trela langu lilioza ukuta wa mbele kimyakimya, nikagundua siku ukuta wa nje ulipoanza kuvimba kama chapati.

MwanaPwani
Niko Dar, trela sijawahi kuliona ila kwenye picha. Lakini nyumba yetu ya bati ilikuwa ikivuja sebuleni, na msumari mbovu ulikuwa karibu na kofia ya paa. Maji yalitembea juu ya papi hadi sebuleni. Fundi wetu naye alimwaga ndoo akianzia chini. Kwa hiyo hilo jaribio naliamini.

KakaWaOhio
Nimesoma, narudisha kauli yangu ya silikoni. Fundi, na lile jaribio la kupuliza hewa ndani na kupaka povu la sabuni juu?

FundiMagurudumu
Ni zuri sana. Unafunga madirisha yote, unapuliza hewa ndani kwa mashine, povu linachemka pale hewa inapotokea. Ila mashine lazima uikodi au umlipe mtu. Aanze na mpira wa maji, hauna gharama.

MuuguziSafarini
Wakuu, nimerudi. Mume wangu alikuja Jumamosi, yeye akapanda, mimi nikalala chini ya tundu la taa na tochi.

Maungio ya mbele, dakika 15, pakavu. Zile taa ndogo alizosema kaka Dereva, pakavu. Dirisha la chumbani nililoziba mara 2, pakavu kabisa, na hapo shingo ilishaanza kuniuma, nikawaza labda tumekosea njia. Akahamia feni ya bafuni. Dakika ya 9 waya mweupe ukaanza kung'aa. Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Maji yalikuwa yakiteleza juu ya waya kama jasho, yanajikusanya kwenye kiungio, tone likavimba, likanidondokea shavuni. Kutoka feni hadi taa tumepima, futi 8 na nusu.

Kinachoniuma ni kwamba gundi ya pale ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote kwa macho, nyeupe, inang'aa. Mume wangu aliinua ukingo wake kwa kisu cha plastiki, ikabanduka yote kwa mkupuo, kama ganda la yai la kuchemsha. Silikoni. Mwenye trela wa kwanza aliipaka juu ya gundi ya zamani iliyopasuka. Chini yake skrubu 3 zimeota kutu, moja inazunguka bure kwenye plaiwudi laini. Sehemu laini ni kama kiganja changu. Nimeweka turubai kwa muda. Sasa nazibaje bila kurudia kosa?

FundiMagurudumu
Hongereni sana, kazi mmefanya kama mafundi. Turubai liwekeeni sponji kwenye kona za AC na mlikaze, upepo ukilipigapiga linasugua mpira mpaka linautoboa.

Kwanza kukausha, kuziba baadaye. Shusheni fremu ya feni, fungueni dari pembeni yake, toeni sufi yote iliyolowa muitupe, haikauki ikawa kama zamani. Wekeni feni ya kawaida na mashine ya kunyonya unyevu, trela lifungwe. Tafuta kipima unyevu chenye pini 2, si ghali. Mbao ikisoma zaidi ya 20% inaweza kuendelea kuoza. Subiri ishuke chini ya 15.

Ikishakauka, chokoa mbao iliyooza kwa bisibisi. Ikiwa ni kiganja kweli na chini yake ni imara, imwagie epoksi ya kugandisha mbao. Ikizidi hapo, kata kipande uweke plaiwudi mpya iliyoegemea kenchi. Halafu kazi inayochosha: bandua silikoni yote, mpaka ile filamu usiyoiona. Kisu cha plastiki, siyo chuma. Osha kwa sabuni, malizia na spiriti. Petroli na thina usiziguse, mafuta yanauvimbisha mpira wa EPDM. Weka utepe mpya wa butili chini ya fremu, skrubu mpya zisizoshika kutu, nene kidogo kuliko za mwanzo, kaza kwa kuzunguka, usimalize upande mmoja. Juu yake mwaga gundi inayojisambaza yenyewe, iliyoandikwa kwamba ni ya paa la mpira. Mimi natumia ya kampuni ya Dicor. Funika kila kichwa cha skrubu na uvuke ukingo wa fremu.

Kisha rudieni mpira wa maji mpaka nyuma, AC na bomba la choo. Tundu moja likipatikana haimaanishi liko peke yake.

DerevaWaMasafa
Na msimamishe trela sawa. Vibao viwili chini ya jeki ya mbele.

MuuguziSafarini
Mrejesho. Siku ya kwanza kipima kilisoma 27, siku ya 4 kikasoma 19, siku ya 7 kikasoma 13. Ndipo tukaziba, kama fundi alivyoelekeza. Kubandua silikoni peke yake kulikula masaa 5. AC na bomba la choo tumevijaribu, viko salama. Gharama zote, pamoja na kipima na kukodi mashine ya unyevu, dola 164.

Juzi mvua ilianza saa 4 usiku ikapiga hadi alfajiri. Nilikuwa sina zamu. Taa bado sijairudisha, nililala chali na tochi mkononi nikiangalia ule waya mweupe. Mkavu. Saa 8 nikazima tochi nikalala. Mungu akubariki kaka Fundi, na nyote.

JiraniMpya
Samahani kwa kuingilia. Mimi niko Georgia, langu linavuja pembeni ya kabati la jikoni, nimeshanunua makopo 4 ya gundi. Nianzie wapi?

MuuguziSafarini
Yaache makopo kwanza. Weka chungwa juu ya meza, utuambie linaelekea wapi.