Miongozo ya ngiri: inaongoza utafiti au inaufungia njia?

Mleta mada: Wakuu, mwaka 2018 HerniaSurge, kundi la kimataifa la wataalamu wa ngiri, walitoa miongozo ya kimataifa ya ngiri ya kinena, yaani utumbo au mafuta ya tumbo kuchomoza kinenani. Mtu mzima mwenye dalili awekewe neti, kile kitambaa cha matundu cha kuimarisha sehemu dhaifu; neti isipowezekana, ashonwe kwa Shouldice, ile njia ya Kanada ya tabaka juu ya tabaka. Hapo sina ugomvi, neti inapunguza ngiri kurudi.

Ugomvi wangu ni huu. Pendekezo likishaitwa zito, nani atapeleka kwenye kamati ya maadili andiko la utafiti wa kulinganisha neti na kushona bila neti? Ataulizwa kwa nini anawanyima wagonjwa neti. Basi watafiti wanabaki kuuliza neti nyepesi au nzito, ishikizwe kwa gundi au kwa uzi. Hayo ni maswali ya mwenye kabati lililojaa neti. Hospitali ya wilaya isiyo na hata moja haimo.

Chukueni Desarda, njia isiyo na neti inayotumia kipande cha utando wa misuli ya tumbo la mgonjwa mwenyewe. Hospitali ya Mulago, Uganda, waliilinganisha na neti, wakachapisha 2012: kwa muda mfupi, matokeo yalikaribiana. Miongozo ikasema ushahidi hautoshi. Sawa, na nani ataruhusiwa kuukamilisha?

Bingwa wa Kanda: Unaionea miongozo, ndugu yangu. Jaribio la Uganda lililochapishwa 2016 lilichukua wanaume 302: nusu neti ya kiwandani, nusu neti ya bei nafuu aina ya chandarua. Baada ya mwaka, ngiri ilirudi kwa mmoja tu, wa kundi la neti nafuu. Swali hilo lilipata uzito kwa sababu neti ilishakuwa kipimo cha kulinganishia tiba nyingine. Tena miongozo hiyohiyo ina sura ya nchi zenye uhaba, na neti nafuu zimo.

Sista wa Thieta: Nisaidie hapo kabla mtu hajakata chandarua cha kitandani! Ni kile kisicho na dawa, na kinachemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121. Ukipandisha hadi 134 kama vyombo vingine, plastiki yake inaharibika. Na tafadhali msichanganye na neti za ukeni za kutibu viungo vya nyonga vilivyoshuka, ambazo Marekani iliamuru 2019 zisiuzwe tena. Wagonjwa wanazisoma hizo habari, halafu wanakataa kusaini.

Mleta mada: Asante Sista. Bingwa, jaribio la Uganda nalikubali, lakini lilikuwa neti kwa neti. Na mwaka mmoja ni mfupi. Ngiri hurudi hata baada ya mitano, na maumivu sugu ya kinena nayo yanataka kufuatiliwa. Ninachotaka ni kila toleo litamke waziwazi kwamba, pale neti zisipopatikana kwa uhakika, kulinganisha Desarda au Shouldice na neti hakuvunji maadili. Sentensi moja tu ambayo mwanafunzi wa uzamili ataibeba mbele ya kamati. Anayepinga aseme kwa nini.